Hazina mpya ya Git imegoma: uliza kwanza umesimama wapi

Wanaonijia na laptopu wikiendi hapa Nyegezi, Mwanza, huanza na maneno yaleyale: "Kaka, Git imegoma." Nikiuliza imegoma vipi, naambiwa imeandika mambo mengi. Nikiomba niyaone hayo mambo, ameshayafuta kwa `clear`, maana yalikuwa yanamtia aibu mbele ya wenzake.

Usiyafute. Git, programu ya kutunza historia ya mafaili yako, ina maneno mengi lakini haidanganyi, na mara nyingi dawa imeandikwa mistari miwili mitatu chini ya kosa lenyewe. Shida ni kwamba inazungumzia mahali ilipo, si mahali unapodhani ipo. Ukipanda daladala ya Igoma huku unakwenda Nyegezi, konda hana kosa, na kumwambia dereva akaze mwendo hakutakufikisha. Makosa mengi ya siku ya kwanza ni ya namna hiyo: amri ni sahihi, ila imetolewa kwenye folda isiyo yake, kwa jina la mtu mwingine, au kuelekea anwani isiyokuwepo.

Mfano tutakaoutumia ni mradi mdogo wa kuandika bei za sangara, sato na dagaa kila asubuhi pale Mwaloni, Kirumba. Folda inaitwa `bei-za-mwaloni`, na ndani yake tayari kuna faili moja, `bei.csv`. Mambo yakiwa shwari, njia nzima ni hii:

```
cd bei-za-mwaloni
git init -b main
git add .
git commit -m "Mwanzo wa mradi"
git remote add origin git@github.com:jina-lako/bei-za-mwaloni.git
git push -u origin main
```

Amri sita. Ya pili inaunda hazina, ile vijana wanayoita ripo. Ya tatu na ya nne zinapiga picha ya mafaili yako yalivyo saa hiyo na kuiwekea ujumbe. Picha hiyo ndiyo komiti. Ya tano inaandika anwani ya mbali, rimoti, ambayo haina uhusiano na ile ya televisheni; kwetu ni GitHub, tovuti inayohifadhi hazina mtandaoni. Ya sita ndiyo inayopeleka mzigo kule, yaani kupushi. Intaneti haihitajiki mpaka hiyo ya sita. Linus Torvalds alipoiandika Git mwaka 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux, alitaka kila nakala ibebe historia yake yote bila kutegemea seva, kwa hiyo bando likikata kabla ya hapo hujapoteza kitu.

## Terminali haiijui Git kabisa

Kwenye Windows utaona `'git' is not recognized`, kwenye Linux `git: command not found`. Kama hujaisakinisha, isakinishe. Kwa Ubuntu ni `sudo apt install git`. Kama umeisakinisha sasa hivi, funga dirisha la terminali ulifungue upya. Dirisha lililofunguliwa kabla halina habari kwamba kuna programu mpya imeingia. Ukitaka kuhakikisha, andika `git --version`, na uiangalie hiyo namba kwa sababu tutaihitaji mbele.

## Amri uliyotumiwa WhatsApp inagoma, ukiiandika kwa mkono inakubali

Simu na Word zina tabia ya "kurekebisha" unachoandika. Vistari viwili vya `--global` vinaunganishwa kuwa kistari kimoja kirefu, na alama za nukuu zilizonyooka zinapindwa. Kwa macho hutaona tofauti, lakini Git inaona herufi nyingine kabisa. Ukiona `key does not contain a section` baada ya kubandika amri ya `git config`, shuku hilo kwanza. Futa, andika kwa vidole vyako.

## `git status` inaorodhesha Desktop, Downloads na picha za harusi

Hili ndilo nalokutana nalo kuliko yote, na ndilo linaloleta madhara, kwa hiyo tutakaa hapa kidogo.

Git Bash, terminali inayokuja na Git kwenye Windows, ikifunguliwa kutoka kwenye menyu haifunguki kwenye mradi wako. Inafunguka nyumbani, yaani `C:/Users/jina-lako`. Mtu anaandika `git init` papo hapo, anaambiwa `Initialized empty Git repository`, anafurahi. Hajasoma njia iliyoandikwa mbele ya maneno hayo. Kuanzia hapo kompyuta yake nzima, kwa maana ya kila alichonacho chini ya jina lake, ni hazina moja. Akiandika `git add .` Git inaanza kumeza filamu, vyeti vya kidato cha nne, kila kitu. Kijana mmoja aliiacha hivyo usiku kucha akidhani mashine yake ni nzito.

Dalili zake si lazima zifanane. Wakati mwingine ni orodha ndefu ya vitu visivyohusika. Wakati mwingine ni msururu wa maonyo kwamba folda fulani haziwezi kufunguliwa. Wakati mwingine, na hii ndiyo ya hila, uko ndani ya mradi ambao hujawahi kuufanyia `init`, na bado `git status` inajibu vizuri tu. Inajibu kwa sababu Git isipoona hazina hapo ulipo hupanda folda moja juu, kisha nyingine, mpaka ipate. Imeikuta ile ya nyumbani.

Amri mbili zinamaliza ubishi:

```
pwd
git rev-parse --show-toplevel
```

Ya kwanza inasema wewe uko wapi, ya pili inasema hazina inaanzia wapi. Zikitaja folda mbili tofauti na hukukusudia hivyo, umepata mgonjwa (`/c/` na `C:/` ni kitu kimoja). Ikiwa ya pili inakupa folda yako ya nyumbani, nenda huko, andika `git log`. Ukiambiwa tawi (mlolongo wa komiti, kwetu ni `main`) halina komiti yoyote bado, hakuna historia ya kuhurumia. Hata hivyo mimi sifuti. Nabadilisha jina la `.git`, folda iliyofichwa ambamo hazina yote inakaa:

```
mv .git .git-zamani
```

Git haitambui folda yenye jina hilo, kwa hiyo hazina inakufa bila kuzikwa. Wiki ikipita hakuna aliyelalamika, ndipo naifuta. Nimeona watu wakiandika `rm -rf` wakiwa na haraka, kidole kikateleza.

Kinyume cha tatizo hili ni `fatal: not a git repository`. Uko nje ya mradi, au umesahau `git init`. `pwd` itakujibu. Kama jina la folda lina nafasi, mfano `Bei za Mwaloni`, Git Bash itakataa `cd Bei za Mwaloni` kwa kusema `too many arguments`. Zungushia alama za nukuu, au bora zaidi, usiweke nafasi kwenye majina ya folda.

Na `Reinitialized existing Git repository`? Hiyo haina ubaya. Umeandika `git init` mara ya pili mahali palepale. Haifuti komiti zako.

Kuna binamu mwingine wa tatizo hili: onyo la `adding embedded git repository`. Umenakili folda ya mtu ndani ya mradi wako, na folda hiyo ilikuja na `.git` yake. Ukipuuza onyo, mtandaoni folda hiyo itaonekana kama kijia kisichofunguka, na mwenzako akinakili mradi atakuta ni tupu. Itoe kwanza kwa `git rm --cached jina-la-folda`, ihamishie ile `.git` ya ndani nje ya mradi, kisha `git add jina-la-folda` upya.

## Komiti inakataa

Sababu ziko kadhaa, na maneno ya kosa ndiyo yanayozitofautisha.

`Please tell me who you are` maana yake Git haijui jina lako. Kwenye laptopu yako mwenyewe:

```
git config --global user.name "Jina Lako"
git config --global user.email "barua-yako"
```

Lakini kama unafanyia kazi kwenye kompyuta ya stationari au ya maabara ya chuo, ondoa `--global`. Neno hilo linamaanisha "kwa kila mradi wa mtumiaji huyu wa kompyuta", na kwenye mashine ya umma mtumiaji huyo ni watu arobaini. Hapo ndipo linapozaliwa tatizo lisilo na kosa lolote kwenye skrini: komiti inapita, unapushi, halafu kazi yako inaonekana mtandaoni kwa jina la dada aliyekaa kiti hicho Jumanne. Kujua jina limetoka wapi:

```
git config --show-origin user.email
```

Itakuonyesha faili na thamani yake. Ukishaweka jina lako ndani ya mradi, komiti ya mwisho inasahihishwa kwa `git commit --amend --reset-author --no-edit`. Fanya hivyo kabla ya kupushi.

`pathspec 'wa' did not match any file` hunichekesha kila mara, kwa sababu waandishi wa Kiswahili tunaliona kwa urahisi sana. Mtu ameandika `git commit -m Mwanzo wa mradi` bila alama za nukuu. Git imechukua "Mwanzo" kuwa ndio ujumbe wote, kisha ikaenda kutafuta faili linaloitwa "wa" na jingine linaloitwa "mradi". Zungushia ujumbe alama za nukuu.

`nothing added to commit but untracked files present`: umeruka `git add`. Na kama umeunda folda tupu, sema `picha`, ukashangaa mbona Git haiioni, jua kwamba Git hufuatilia mafaili, si folda. Weka faili lolote ndani. Wengi huweka faili tupu linaloitwa `.gitkeep`, jina la mazoea tu.

Kisha kuna skrini ya kutisha. Umeandika `git commit` bila `-m`, terminali imegeuka, kuna alama za mawimbi upande wa kushoto, na kila unachobonyeza hakitoki. Umo ndani ya Vim, kihariri cha maandishi. Bonyeza `i`, andika ujumbe wako, bonyeza Esc, andika `:wq`, kisha Enter. Ukitaka tu kutoroka ni Esc, `:q!`, Enter, na Git itasema imeghairi komiti kwa kuwa ujumbe ni mtupu. Kuepuka kabisa: `git config --global core.editor nano`.

## `src refspec main does not match any`

Watu wakiona hili hukimbilia kuangalia intaneti. Intaneti haihusiki. Git inasema: umeniambia nipeleke tawi liitwalo main, nami sina tawi hilo. Sababu ni mbili tu.

Andika `git log --oneline`. Ikijibu kwamba hakuna komiti, basi ile komiti yako ilikataa dakika tano zilizopita na hukuona. Rudi sehemu iliyotangulia. Tawi halizaliwi mpaka komiti ya kwanza iwepo.

Ikikuonyesha komiti, andika `git branch --show-current`. Utakuta `master`. Git yenyewe kwa miaka mingi imekuwa ikiliita tawi la kwanza hivyo, wakati GitHub tangu Oktoba 2020 hazina mpya huzipa `main`. Maelekezo unayoyafuata yameandikwa kwa main, mashine yako imetengeneza master. Dawa:

```
git branch -M main
```

Ile `-b main` niliyoitia kwenye `git init` mwanzoni inakuepusha na haya, ila inahitaji Git 2.28 au ya juu zaidi, iliyotoka 2020. Ndiyo maana nilisema uangalie namba. Ikisema haiijui `-b`, toleo lako ni la zamani. Ukiwa na jipya, `git config --global init.defaultBranch main` inalimaliza moja kwa moja.

## Anwani

`remote origin already exists` inatokea ukirudia `git remote add`, kwa kawaida baada ya kukosea herufi mara ya kwanza. Usifute hazina nzima, kama wanavyofanya wengine. Angalia kilichopo kwa `git remote -v`, kisha kirekebishe:

```
git remote set-url origin git@github.com:jina-lako/bei-za-mwaloni.git
```

`Repository not found` ina sura mbili. Ama umekosea jina, ama hazina ipo lakini ni ya faragha na wewe umeingia kama mtu mwingine. GitHub kwa makusudi haitofautishi, maana kumwambia mgeni "ipo ila huruhusiwi" ni kumwonyesha mlango. Na kumbuka kwamba `git push` haikuundii hazina GitHub. Lazima uwe umeiunda kule kwanza, tupu.

Tupu. Usiweke tiki kwenye kile kisanduku cha README, faili la maelezo ya mradi. Ukiweka, upande wa pili unakuwa na komiti yake, upande wako una yako, na historia hizo mbili hazijuani. Ukipushi utaona `[rejected]` na ushauri kwamba uvute kwanza. Ukivuta (`git pull`) utaambiwa `refusing to merge unrelated histories`. Ulinzi huo umekuwepo tangu Git 2.9 ya mwaka 2016, na una maana. Kama kisanduku umeshakitia tiki:

```
git pull --no-rebase --allow-unrelated-histories origin main
git push -u origin main
```

Huenda ile Vim ikajitokeza kuomba ujumbe. Sasa unajua mlango wake. Kuna watakaokuambia utumie `--force`, inayofuta historia ya kule na kuweka yako. Kwa README ya mstari mmoja uliyoiunda sasa hivi hakuna atakayeumia, ni kweli. Ila mkono ukishazoea amri hiyo, siku moja utaitumia kwenye mradi wa watu sita.

## Inaomba nenosiri, unaliandika sawasawa, inakataa

Hapa mnasumbuka bure. Tangu tarehe 13 Agosti 2021 GitHub haipokei nenosiri la akaunti kwenye Git. Hata liwe sahihi kiasi gani. Ujumbe wenyewe unasema hivyo, lakini uko katikati ya maandishi mengi na watu hawaufikii.

Una njia mbili. Ya kwanza, kwa anwani ya rimoti inayoanza na `https://`, ni tokeni, mfuatano mrefu wa herufi ambao unautengeneza kwenye mipangilio ya akaunti yako na kuubandika mahali pa nenosiri. Ipe ruhusa ya kuandika kwenye hazina, vinginevyo utapata kosa namba 403. Inaonyeshwa mara moja tu, iweke mahali. Na ukiwa unaibandika kwenye terminali hakuna kitakachoonekana, hata nyota. Kibodi yako ni nzima.

Ya pili, kwa anwani ya `git@` kama ile ya mwanzo, ni ufunguo wa SSH, unaokutambulisha bila nenosiri, na ndiyo ninayoipendekeza kwa mwenye laptopu yake:

```
ssh-keygen -t ed25519
cat ~/.ssh/id_ed25519.pub
ssh -T git@github.com
```

Ya kwanza inatengeneza funguo mbili, ya pili inakuonyesha ule wa hadharani ili uunakili kwenye akaunti yako. Huo wenye mwisho wa `.pub` tu. Mwenzake asiye na `.pub` hatoki kwenye mashine yako, hata kwa rafiki wa damu. Ya tatu ni jaribio: ikikusalimia kwa jina lako la GitHub, umepita. Ikisema `Permission denied`, ufunguo haujafika kule au umeubandika nusu.

Isipojibu kabisa, ikatulia mpaka muda uishe, basi huenda mtandao unaotumia umefunga mlango namba 22, ambao ndio SSH hupitia. Nimeliona hili kwenye mitandao ya ofisi na ya vyuo, wakati bando la simu linapita bila shida. GitHub inapokea SSH pia kwenye mlango 443. Andika haya kwenye faili `~/.ssh/config`:

```
Host github.com
  Hostname ssh.github.com
  Port 443
  User git
```

Kwa wa kompyuta za pamoja, dalili yenu ni nyingine: `Permission to ... denied to` ikifuatiwa na jina usilolijua. Windows imekumbuka tokeni ya aliyekutangulia. Fungua Credential Manager kwenye Control Panel, futa kilichoandikwa github.com, jaribu tena. Na ukiondoka, futa na ya kwako.

## Inaanza kupanda, inafika asilimia fulani, inakufa

`Could not resolve host` ni rahisi: huna intaneti, au bando limeisha na hujaambiwa. Fungua ukurasa wowote kwenye kivinjari uhakikishe.

`RPC failed`, `early EOF` na `the remote end hung up unexpectedly` ni za mtandao unaoyumba, lakini kabla ya kuulaumu mtandao pima mzigo:

```
git count-objects -vH
```

Mradi wa kuandika bei za samaki usizidi kilobaiti kadhaa. Ukiona megabaiti mia tatu, umebeba kitu. Mara nyingi ni video ya mwalo iliyopigwa kwa simu, au `node_modules`, folda ya maktaba za JavaScript. Jambo la kujua hapa ni kwamba `git push` ikikatika katikati haiendelei pale ilipoishia. Inaanza upya, na bando lililokwenda limekwenda. Nimemwona mtu akimaliza vocha tatu kupandisha faili moja ambalo GitHub ingelikataa hata likifika, kwa sababu haipokei faili linalozidi megabaiti 100, na kuanzia 50 inaanza kulalamika.

Kulifuta faili kwenye folda hakutoshi, maana bado limo ndani ya komiti. Kama lipo kwenye komiti ya mwisho, `git rm --cached video.mp4` kisha `git commit --amend --no-edit`. Kama limejificha komiti kadhaa nyuma, zipo zana za kuchambua historia, lakini hazina yako ina siku moja. Hamishia `.git` nje ya mradi, toa video, anza tena na `git init`. Dakika tatu.

Ili lisirudi, andika majina ya visivyotakiwa kwenye `.gitignore`. Ikiwa umeliandika na Git bado inayabeba, sababu ninazozijua ni tatu. Notepad imelihifadhi kama `.gitignore.txt`, washa kuonyesha viambishi vya mafaili uone. Au umelitengeneza kwa alama ya `>` ndani ya Windows PowerShell ya zamani, ambayo huandika kwa mfumo wa herufi ambao Git haisomi. Lifungue ulihifadhi upya kama UTF-8. Au faili lilishaingia kwenye komiti kabla, na `.gitignore` haigusi kilichokwisha kufuatiliwa. Litoe kwa `git rm --cached`. Kama lililoingia ni `.env` lenye nywila na limeshapanda mtandaoni, kulitoa hakutoshi. Badilisha hizo nywila leo.

Na moja la kompyuta kongwe za mezani: `certificate is not yet valid`. Betri ndogo ya ndani imekufa, kompyuta ikiwaka inadhani ni miaka ya nyuma, na vyeti vya usalama vya leo inaviona havijaanza kutumika. Rekebisha saa na tarehe.

## Umeme umekatika, ukirudi Git haitaki

Laptopu nyingi zinazoletwa hapa hazina betri tena; zinaishi kwa waya. Umeme ukikatika katikati ya `git add` au `commit`, ukirudi unakuta `Unable to create '.git/index.lock': File exists`. Faili hilo ni kama kufuli ambalo Git hujifungia ikiwa kazini. Ilikufa kabla ya kulifungua. Hakikisha hakuna dirisha jingine linaloendesha Git, hata ndani ya kihariri chako, kisha `rm .git/index.lock`.

Baya zaidi ni `object file ... is empty`. Kitu kilianza kuandikwa kwenye diski hakikumalizika. `git fsck --full` itakuonyesha ukubwa wa jeraha. Kama ulikuwa umeshapushi, nakili hazina upya kutoka kule kwenye folda nyingine, kisha hamishia humo mafaili uliyoyabadilisha leo. Kama hukuwahi kupushi, mafaili yako ya kazi kwa kawaida bado ni mazima na kilichoharibika ni historia. Yanakili pembeni, anza hazina mpya.

## Flashi

Dada mmoja anayesoma hapa na nyumbani kwao ni Ukerewe aliniambia kisiwani hategemei bando, hubeba mradi kwenye flashi na kupanda nao meli. Ni njia nzuri kuliko inavyosifiwa. Ila ina makosa yake.

`detected dubious ownership` imekuwepo tangu Git 2.35.2 ya Aprili 2022. Git inakataa hazina ambayo mwenye folda si wewe, na flashi nyingi zina mfumo wa FAT32 au exFAT usioandika mwenye faili ni nani. Chini ya kosa Git inakupa amri kamili inayoanza na `git config --global --add safe.directory`. Inakili ilivyo, kwa flashi yako tu.

`refusing to update checked out branch` ni kwamba umepushi kwenda kwenye folda ya kawaida ya kazi. Flashi inatakiwa iwe na hazina isiyo na mafaili ya kazi, historia peke yake:

```
git init --bare -b main /e/bei-za-mwaloni.git
git remote add flashi /e/bei-za-mwaloni.git
git push flashi main
```

Kosa la yule dada lilikuwa dogo kuliko haya, na lilitugharimu saa nzima kwenye simu. Alipofika nyumbani akaandika `git clone`, ikapita, akafungua folda, tupu. Kulikuwa na onyo moja tu: `remote HEAD refers to nonexistent ref`. Flashi aliiandaa bila `-b main`, kwa hiyo ilikuwa inanyooshea kidole tawi la master ambalo halikuwepo, huku kazi yake yote imekaa kwenye main. Hakuna kilichopotea. Aliingia ndani ya ile folda "tupu", akaandika `git checkout main`, bei za wiki nzima zikatokea.